Baridi Kali Ikielekea Texas: Jiandae Kuishi Siku Nne Bila Umeme Wala Maji

Tarehe 16 Februari 2021 kipimajoto cha uwanja wa ndege wa Dallas-Fort Worth kilionyesha nyuzi 2 chini ya sifuri za Farenhaiti, yaani karibu -19 za Selsiasi. Tangu 1949 mji huo ulikuwa haujaona baridi ya namna hiyo. Houston nako, ambako watu huvaa kandambili hadi Desemba, ilishuka chini ya -10 za Selsiasi. Mtu wa Minnesota, jimbo la kaskazini lililozoea barafu, angesikia namba hizo akaendelea na kazi zake. Texas, watu 246 walifariki kwa hesabu ya idara ya afya ya jimbo, na karibu theluthi mbili yao waliuawa na baridi yenyewe, wengine wakiwa ndani ya nyumba zao.

Huku nyumba, mabomba na mitambo ya umeme vimejengwa kwa ajili ya joto. Mabomba ya maji hupita darini na kwenye kuta za nje bila kufunikwa vizuri. Nyumba nyingi hupashwa joto kwa umeme, kwa hiyo baridi ikizidi, watu wote huwasha heta kwa wakati mmoja. Wiki ile visima na mitambo ya gesi viliganda, vituo vya kuzalisha umeme vikazimika kimoja baada ya kingine, na kwa kuwa gridi ya Texas, yaani mtandao wake wa umeme, imejitenga kwa sehemu kubwa na majimbo mengine, hapakuwa na pa kuazima umeme wa kutosha. Usiku wa kuamkia tarehe 15 waendeshaji wa gridi, ERCOT, waliamuru umeme ukatwe. Baadaye walieleza kwamba gridi nzima ilibakiza dakika 4 na sekunde 37 ianguke. Nyumba na biashara zaidi ya milioni 4.5 ziliingia gizani. Mgao ulipangwa uwe wa zamu, lakini mitaa mingi haikupata zamu yake kwa siku mbili au tatu. Kisha mitambo ya maji nayo ikakosa umeme, na watu zaidi ya milioni 14 wakakosa maji salama ya bomba.

Tangu hapo jimbo limepitisha sheria ya kuvilazimisha vituo vya umeme vijikinge na baridi, na hali imekuwa afadhali. Lakini sheria haizuii tawi lenye barafu kuangukia waya wa mtaani kwako. Kwa hiyo theluji isikupotezee muda sana. Jiandae kwa jambo moja: umeme na maji kukatika kwa pamoja, kwa siku tatu au nne, huku barabara zikiwa hazipitiki. Ukilimudu hilo, mengine yote ni madogo.

Nawaandikia hasa ndugu zetu wa Houston, Dallas, Fort Worth, Austin, San Antonio na Abilene, wawe Wakongo, Wakenya, Watanzania au Warundi, na zaidi wale ambao hii ndiyo baridi yao ya kwanza. Aliye Louisiana au Alabama pia yamhusu: Januari 2025 New Orleans ilipata theluji ya inchi 8, yaani sentimita 20, jambo ambalo wazee wa mji ule hawakuwahi kuliona.

Hatua ya 1: Jua inakuja lini, na inakuja na nini

Baridi hizi hazizuki ghafla. Idara ya Taifa ya Hali ya Hewa huanza kuzitaja siku kadhaa kabla, na simu yako italeta ujumbe kwa Kiingereza. Shika maneno mawili. Ukiona Watch, hatari inanukia, nawe una siku moja au mbili za kununua na kutengeneza. Ukiona Warning, imefika au iko mlangoni, na safari ya dukani haifai tena.

Watu hutazama theluji tu. Wewe tazama mambo mawili mengine. Kwanza, ni saa ngapi mfululizo joto litakaa chini ya nyuzi 32 za Farenhaiti (sifuri ya Selsiasi), maana hapo ndipo maji huganda. Usiku mmoja wa baridi unaofuatwa na mchana wa jua hautishi. Siku mbili nzima bila kupanda juu ya 32 ni hatari kubwa, na likishuka hadi 20 (karibu -7) mabomba ya nyumba za Kusini huanza kuganda na kupasuka. Pili, angalia kama wanatabiri mvua inayoganda. Hii huteremka ikiwa maji, ikigusa waya, tawi au lami inageuka barafu papo hapo. Uzito wake ndio uliovunja miti ya Austin mwanzoni mwa Februari 2023 na kuwaacha watu wengi bila umeme kwa siku kadhaa, ilhali gridi kuu ilikuwa nzima.

Hatua ya 2: Nunua kabla rafu hazijawa tupu

Nenda dukani siku nne au tano kabla. Siku mbili kabla, mkate, maji na betri vitakuwa vimekwisha, nawe utazunguka mji mzima ukichoma mafuta ya gari.

Maji ndiyo ya kwanza: galoni moja, yaani karibu lita 4, kwa kila mtu kwa kila siku. Familia ya watu sita kwa siku nne ni galoni 24. Si lazima ununue chupa zote hizo. Madumu na sufuria safi zenye mifuniko vinatosha, uvijaze mfereji ungali unatoka. Hayo ni ya kunywa na kupikia tu, ya chooni tutayazungumza chini.

Chakula kiwe kile kisichohitaji moto. Najua ugali hauna mpinzani wakati wa baridi, lakini unga usio na jiko haukusaidii. Weka mkate, siagi ya karanga, tende, ndizi, karanga, biskuti, samaki wa kopo, maharage ya kopo, na maziwa ya unga kwa wenye watoto. Usisahau kifungua kopo cha mkono, kwa sababu cha umeme kitakuwa pambo.

Vitu vingine vya kutafuta:

- tochi na betri zake, moja kwa kila chumba kinachotumika. Mishumaa iache, imeunguza nyumba nyingi gizani
- pawabenki ya simu, na chaja ya kwenye gari
- king'ora cha kaboni monoksaidi kinachotumia betri, dola 20 hadi 30 hivi
- vifuniko vya sponji vya mifereji ya nje na mikono ya sponji ya kuvika mabomba
- chumvi ya barafu au mchanga wa ngazi na kizingitini
- dawa za wagonjwa za wiki nzima, na nepi

Kama umeme wako ni wa kulipia kabla, weka salio la kutosha wiki nzima. Baridi hula salio haraka kuliko kiyoyozi cha Agosti.

Mwenye mgonjwa anayetumia mashine ya oksijeni au dayalisisi (ya kusafisha damu) asingoje. Piga simu kliniki mara utabiri unapotoka, uulize kama zamu ya dayalisisi inaweza kusogezwa mbele, na uombe maelezo ya chakula cha dharura. Kwa oksijeni, mwombe anayekuletea mashine akuletee na mitungi ambayo haihitaji umeme. Jimbo pia lina daftari liitwalo STEAR la watu watakaohitaji msaada wakati wa maafa, na unajiandikisha kwa kupiga simu namba 211. Fanya hivyo mwezi wa Novemba, siyo usiku wa dhoruba.

Hatua ya 3: Okoa mabomba yako

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hasara nyingi za 2021 zilitoka kwenye mabomba. Maji yakiganda huvimba kwa karibu asilimia 9. Ndani ya bomba uvimbe huo hauna pa kwenda, msukumo unapanda kati ya barafu na mfereji uliofungwa, na bomba linachanika. Mara nyingi hutaona kitu usiku ule. Utaona siku barafu inayeyuka, dari ikikuangukia.

Anza kwa kuijua koki kuu ya maji, leo hii, kabla hata ya baridi kutajwa. Katika nyumba nyingi za Texas ipo kwenye kisanduku cha mita karibu na barabara, chini ya kifuniko kilichofukiwa na nyasi, na huenda ukahitaji ufunguo maalumu wa chuma unaouzwa duka la vifaa vya ujenzi. Nyingine zina koki ya pili karibu na ukuta wa nyumba. Ifunge, uifungue tena, uone kama inazunguka. Waonyeshe na watoto wakubwa. Aliyepanga fleti amuulize mwenye nyumba au ofisi ya majengo: koki iko wapi, nani ana ruhusa ya kuifunga, na namba ya dharura ya usiku ni ipi. Iandike ukutani.

Kisha nenda nje. Chomoa mipira yote ya bustani, kwa sababu mpira ulioachwa huyafungia maji ndani ya bomba la ukutani. Vika kila mfereji wa nje kifuniko. Ukikosa, funga tambara kavu, kisha mfuko wa plastiki juu yake, na gundi ya mkanda. Kama una mabomba ya kumwagilia nyasi, zima mfumo na uyamwage maji.

Ndani, fungua milango ya makabati ya chini ya sinki za jikoni na bafuni ili joto la chumba lifike kwenye bomba. Sabuni kali na dawa za wadudu zilizomo ziondoe kwanza kama kuna watoto. Acha mifereji iliyo kwenye kuta za nje idondoshe maji, ya moto na ya baridi yote mawili. Watu wengi hudondosha ya baridi tu, na bomba la moto ndilo linalopasuka. Mfereji ulio mbali zaidi na mahali maji yanapoingilia nyumbani uuache utiririke kidogo, wembamba wa penseli.

Jambo moja la kuangalia ni tangazo la idara ya maji ya mji wako. Mamilioni ya watu wakidondosha kwa pamoja, msukumo wa maji hushuka mpaka hospitali na wazima moto wanakosa. Ukiombwa uache, acha, kisha fanya lililo salama zaidi: funga koki kuu, fungua mifereji yote kuanzia ya juu hadi ya chini, na vuta choo, mabomba yabaki matupu. Bomba tupu halipasuki. Fanya hivyohivyo ukikimbilia kwa jamaa, au umeme ukikatika na nyumba ikaanza kupoa sana. Kabla ya kufunga hakikisha madumu yamejaa.

Wenye ile hita ya maji isiyo na tangi, inayoning'inia ukutani, wanahitaji uangalifu wa pekee. Ina kinga ya kuganda, lakini kinga hiyo inatumia umeme. Umeme ukienda, kinga nayo imekwenda. Soma kijitabu chake mapema ujifunze kuimwaga.

Hatua ya 4: Jioni ya mwisho

Chaji kila kitu. Fua nguo na uzikaushe kabisa, maana baridi ya nguo zenye unyevu haina mfano. Jaza beseni la kuogea maji ya choo. Choo cha kisasa hutaka karibu lita 6 kumwagiwa ndani ya bakuli kwa mkupuo ili kivute, na sisi tuliokulia kwenye ndoo hatuhitaji kufundishwa hilo. Kama kuna mtoto mdogo nyumbani, funga mlango wa bafu, kwa sababu beseni lililojaa ni hatari kwake.

Pika. Chapati hukaa vizuri siku mbili tatu kwenye nyumba ya baridi. Chemsha maji ujaze chupa zote za chai ulizonazo, uji kwenye mojawapo. Chupa ya chai ambayo kila nyumba ya Afrika Mashariki inayo ni kifaa cha dharura ambacho majirani zako wengi hawana. Umeme ukirudi kwa nusu saa usiku, kitu cha kwanza ni kuchemsha maji na kuzijaza upya.

Pandisha joto la nyumba mchana, kabla ya kilele cha baridi. Alfajiri na mapema jioni ndipo gridi huelemewa, na ukiwa umeshapasha kuta na vitanda unaweza kushusha heta saa hizo bila kutetemeka. Gari lijaze mafuta. Halafu wapigie jirani mzee, na yule dada aliyefika mwezi jana na watoto asiyejua Kiingereza. Kubalianeni mapema nani atahamia kwa nani. Watu kumi na wawili katika nyumba moja wanapata joto kuliko sita sita katika nyumba mbili, na ni rahisi kumwona anayezidiwa.

Hatua ya 5: Umeme ukikatika, hamieni chumba kimoja

Chagua chumba kidogo, chenye madirisha machache, kisichopakana sana na nje. Hamisheni magodoro yote humo. Ziba chini ya mlango kwa taulo iliyoviringishwa, tundika mablanketi kwenye dirisha, ingawa jua likiwaka mchana lifungulie liingie. Vitenge na kanga ni vyema kuzibia dirisha na mlango, lakini ni pamba, haviwezi kuwa nguo yako ya kukutia joto. Ngozini vaa kitu kisichoshika jasho, juu yake sweta la sufu au la manyoya ya plastiki, juu kabisa koti la kuzuia upepo. Kofia ndani ya nyumba, soksi jozi mbili lakini viatu visibane. Ukitoka jasho punguza, maana nguo yenye unyevu inakuibia joto.

Chomoa televisheni, kompyuta na heta, acha taa moja tu ikiwa imewashwa ikujulishe umeme umerudi. Friji ikifungwa bila kufunguliwa hulinda chakula saa 4. Friza iliyojaa hulinda saa 48, iliyo nusu saa 24. Kuweka nyama nje kwenye theluji kunavutia, lakini jua la mchana hulipandisha joto na paka wa mtaani wana njaa. Barafu uliyoigandisha kwenye chupa ukaipanga ndani ya friji ni njia bora.

Umeme ukirudi na unatumia heta ndogo, iwe mita moja kutoka kitandani, pazia na nguo, na ichomekwe ukutani moja kwa moja. Waya wa kuunganishia huyeyuka.

Hatua ya 6: Mkaa, jenereta na gari havipashi nyumba joto, vinaua

Ukisoma hatua moja tu, soma hii.

Wengi wetu tumesikia habari za Limuru, za Njombe, za Bukavu: familia iliyolala na jiko la mkaa chumbani, asubuhi mlango unavunjwa. Nyumba zile mara nyingi zina upenyo kwenye mabati na madirisha, na bado watu wanakufa. Nyumba za hapa zimezibwa ili ubaridi wa kiyoyozi usitoke. Hewa ya sumu ikianza kujaa, haina pa kutokea.

Hewa hiyo ni kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haichomi koo. Inatoka kwa kila kinachoungua: mkaa, kuni, gesi, petroli. Ikiingia kwenye damu hushika nafasi ya oksijeni, na mtu hulegea kabla hajajua kuna tatizo. Katika dhoruba ya 2021 watu zaidi ya 1,400 wa Texas walitafuta matibabu ya dharura kwa sababu yake, wakiwemo wazazi waliotaka kuwapasha watoto wao joto.

Kwa hiyo jiko la mkaa na lile la kuchomea nyama lisiingie ndani hata dakika moja, wala gereji, wala kwenye baraza iliyopakana na dirisha. Mkaa uliokwisha kuwaka na kubaki kaa jekundu bila moshi bado unatoa sumu; kukosa moshi si usalama. Jenereta ikae futi 20, yaani mita 6 au zaidi, kutoka kwenye mlango na dirisha lolote, na moshi wake uelekezwe mbali na nyumba, ya kwako na ya jirani. Usikae ndani ya gari linalounguruma gereji hata mlango wa gereji ukiwa wazi. Litoe nje kabisa. Oveni ya gesi haikutengenezwa kupasha chumba. Jiko la gesi la jikoni unaweza kuliwasha kwa kiberiti upike uji, dirisha likiwa wazi kidogo, halafu ulizime mara moja.

Dalili ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, kulegea na kuchanganyikiwa. Inafanana na homa ya mafua, isipokuwa mwili haupandi joto, na mnaumwa wote kwa pamoja. Mkiona hivyo tokeni nje, kwenye baridi ileile, kisha mpige 911, namba ya simu ya dharura. Usirudi kufungua madirisha kwanza. King'ora cha kaboni monoksaidi hulia mara nne nne, cha moshi mara tatu tatu. Usidhani nyumba uliyopanga inacho. Kiangalie kwa macho.

Hatua ya 7: Mtambue anayezidiwa na baridi

Mtu akitetemeka mwili wake bado unapigana. Hofu ianze pale kutetemeka kunapokoma naye hajapata joto, maneno yanapokuwa mazito kama ya mlevi, vidole vinaposhindwa kufunga kifungo, au anapotaka tu kuachwa alale. Joto la mwili likishuka chini ya nyuzi 35 za Selsiasi hiyo ni dharura: piga 911. Wakati mnangoja, mvue nguo zenye unyevu, mfunike, mpashe kifua, shingo na kinena kwanza, mtu mwingine ajilaze naye chini ya blanketi. Mpe kinywaji cha vuguvugu chenye sukari kama yuko macho na anaweza kumeza. Usimsugue mikono na miguu, na usimpe pombe. Pombe humfanya ahisi joto huku ikiliondoa mwilini mwake.

Wazee na watoto wachanga hupoa bila kutetemeka sana, kwa hiyo waguseni tumbo na mgongo mara kwa mara, usiku pia. Mtoto mchanga mvishe nguo tabakatabaka na kofia, umbebe kifuani ngozi kwa ngozi ukiwa macho. Kumlaza katikati ya watu wazima chini ya mablanketi mazito kunaweza kumkosesha pumzi. Insulini isigande, iweke ndani ya koti, mbali na dirisha.

Ukipiga 911 na Kiingereza hakipandi, sema neno moja tu, "Swahili," na usikate simu hata kukiwa kimya, wanatafuta mkalimani. Sema anwani yako kwanza. Namba 211 itakuelekeza kwenye vituo vya kujipasha joto vilivyofunguliwa mjini kwako. Vituo hivyo ni vya watu wote.

Barabara

Usitoke. Tarehe 11 Februari 2021, kabla hata ya dhoruba kuu, magari zaidi ya 130 yaligongana alfajiri kwenye barabara ya I-35W mjini Fort Worth na watu sita wakafa. Wengi waliokuwemo walikuwa wanawahi kazini. Jamii yetu imejaa watu wa zamu za usiku, maghalani, hospitalini, kwenye nyumba za wazee, na najua siku moja bila mshahara inauma. Zungumza na msimamizi mapema: lala kazini, badilisha zamu, au tumia siku zako za likizo.

Ukilazimika kabisa, kumbuka madaraja huganda kabla ya barabara nyingine kwa sababu baridi inayapiga juu na chini. Endesha polepole, acha nafasi kubwa, usikanyage breki kwa nguvu. Kioo chenye barafu usikimwagie maji ya moto, kitapasuka. Beba blanketi, maji, koleo na gunia la mchanga. Ukikwama, kaa ndani ya gari, safisha theluji kwenye bomba la moshi, washa injini dakika kumi kwa saa na dirisha moja likiwa wazi kidogo.

Barafu ikiyeyuka

Jua likitoka usisherehekee mapema. Mfereji usiotoa maji huenda una barafu ndani. Uache wazi, upashe bomba kwa kikaushia nywele au taulo zilizochovywa maji ya moto, ukianzia upande wa mfereji na kurudi nyuma. Moto wa kiberiti au tochi ya gesi usiukaribie ukuta, umeteketeza nyumba. Kama ulifunga koki kuu, ifungue nusu, mtu mmoja asimame hapo, wengine watembee vyumbani wakisikiliza na kutazama dari. Palipo na sauti ya maji, funga tena mara moja. Maji yakiwa yamefika kwenye soketi au taa, zima umeme wa sehemu hiyo kabla ya kuingia.

Kabla ya kufuta chochote piga picha na video: dari, zulia, magodoro, nguo. Mpangaji amwandikie mwenye nyumba ujumbe siku hiyohiyo, kwa maandishi, abaki na nakala. Bima ya mwenye jengo hulipia jengo, haifidii kitanda chako. Bima ya mpangaji ndiyo inayofidia vitu vyako, na haina gharama kubwa kwa mwezi. Ikatwe kabla ya msimu wa baridi.

Maji yakirudi yakiwa ya rangi, yaache yapite kwanza. Likitolewa tangazo la kuchemsha, yachemshe yatokote kwa dakika moja kamili kabla ya kunywa, kupikia, kuoshea mboga au kupigia mswaki, mpaka tangazo liondolewe. Barafu iliyotengenezwa na mashine ya friji siku hizo imwagwe. Nyama, maziwa na mabaki ya chakula yaliyokaa zaidi ya saa 4 kwenye friji isiyo na umeme yatupwe hata kama hayanuki. Kilicho ndani ya friza ambacho bado kina chembe za barafu kinaweza kugandishwa tena.